Heroe (flamingo) wananikimbia, nipige vipi picha wakiruka?

SWALI: Habari yako mtaalamu, mi niko Nakuru na huwa naenda Ziwa Bogoria kupiga picha heroe, sasa shida ni kwamba nikisogea tu wanaanza kutembea wakienda, nikiinua kamera wamesharuka na napata migongo tu tena imefifia. Nifanye nini jamani?

JIBU: Poa sana ndugu yangu, kwanza acha kuwafata! Ndege wa maji akiona mtu amesimama anakuja mbele yake moja kwa moja huyo ni adui, kwa hiyo fika asubuhi mapema kabla jua halijapanda, kaa chini kabisa, tulia hata saa nzima, wao wenyewe watarudi karibu, hasa pale mkondo wa maji baridi (yasiyo na chumvi) unapoingia ziwani maana wanapenda kunywa na kuoga hapo.

Halafu upepo. Heroe hapai kama njiwa, anakimbia juu ya maji hatua kadhaa akielekea upepo unakotoka, so wewe kaa upepo ukupige mgongoni, wakiamua kuruka wanakuja upande wako na sura unazipata. Ukiona wamenyoosha shingo wameacha kula, kidole kiwe tayari.

Shata (kasi ya kamera kufunga) weka 1/2000 ya sekunde, fokasi ya kufatilia ndege anavyosogea, picha mfululizo, na usivute lenzi mpaka mwisho utakata mabawa (mi nimekata mengi tu). Na kuna wale wanaorusha mawe ili kundi liruke, hao hapana kabisa, ndege anachoka bure.