Nimetia mkonge kwenye mpira, mbona umezidi kuwa dhaifu?

SWALI: Nilisikia nyuzi za mkonge zinaupa mpira nguvu, basi nikazikata fupifupi nikachanganya kwenye rola (ile mashine ya kukandia mpira mbichi) pamoja na salfa na dawa zingine, nikapika kwenye moldi. Kilichotoka kimejaa vipovu, na nikikivuta kinakatika mapema kuliko mpira mtupu! Pale kilipokatika nyuzi zimetokeza safi kabisa. Nimekosea wapi?

JIBU: Pole, ila hizo nyuzi safi zishakujibu. Zingeshikana na mpira zingekatika nao, sio kuchomoka kama msumari kwenye mbao iliyooza. Mkonge unapenda maji, mpira unayakimbia, ukivikutanisha hivihivi havishikani. Kwanza loweka nyuzi kwenye maji yenye kostiki soda kidogo (glavu na miwani lazima, hiyo kitu inachoma!) itoe ile nta ya juu, uso ukwaruzike mpira upate pa kung'ang'ania, halafu suuza mpaka utelezi uishe. Usiikoleze sana maana itakula uzi wenyewe. Ila mi naona kostiki peke yake haitoshi, viwandani wanaongeza dawa tatu, resosinoli, silika na nyingine inayotoa gesi ya fomaldehaidi, na gundi inajitengeneza humohumo mpira ukiwa unaiva, siri iko hapo.

Vipovu navyo huenda ni maji. Mpira unaivia kwenye nyuzi joto 150 hivi (nyuzi zingine hizo, usichanganye!) kwa hiyo unyevu wowote ndani ya mkonge unageuka mvuke na hauna pa kutokea. Kausha kwenye oveni hata kama ukishika unahisi ni mkavu.

Umesema fupifupi, lakini fupi kiasi gani? Milimita 6 mpaka 10 panafaa, zikizidi zinajisokota, na kumbuka rola nayo inazikata zaidi. Pitisha upande uleule kila mara ili zilale pamoja, nguvu itakuwa kwa urefu wa nyuzi, ukivuta kwa upana utaona tofauti.

Halafu kuna hili linalowashangaza wengi, ukitia nyuzi chache sana mpira wa asili unadhoofika kweli, kwa sababu ukivutwa huwa unajipanga na kukaza wenyewe, sasa nyuzi chache zinavuruga mpangilio bila kubeba mzigo. Ongeza kidogokidogo upime. Na hata ukipatia kila kitu hautavutika kama zamani, kwa mkanda wa mashine au mkeka ni sawa, kwa manati hapana.