Re: Kujitolea mradi wa kasa Costa Rica, nilipe ada kwanza au viza?

Mambo mkuu. Umeuliza kama ulipe ada ya mradi wa kasa wa Tortuguero, kijiji cha pwani huko Costa Rica, kwanza ndo viza ifuate, na ukauliza pia habari za mradi wa pomboo. Usitume hela bado! Angalia tiketi inapitia wapi, maana ukiunganisha ndege Marekani pasipoti ya Tanzania inadai viza ya Marekani hata kama hutoki eapoti, mimi hapo ndo nilikwama ikabidi nibadilishe ruti na hela ya tiketi ikaenda hivyo hivyo. Cheti cha homa ya manjano beba. Kasa wa kijani wanapanda kutaga Julai mpaka Oktoba, doria ni usiku, kwahiyo nguo nyeusi na tochi ya mwanga mwekundu, na kijijini unafika kwa boti, barabara hakuna. Mvua ndo usiulize. Ya pomboo waulize wengine, mimi nilifanya kasa tu.