Krimu yangu ukutani imegeuka kijani: nirudi kwenye kijivu?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Sebule yangu niliipaka kijivu mwaka 2018, wakati kila picha ya nyumba nzuri ilikuwa ya kijivu. Sasa naambiwa kijivu kimepitwa na wakati, watu wamehamia krimu na kahawia. Mwezi uliopita na mimi nikahamia. Kwenye kadi ya rangi ya dukani, ile krimu ilikuwa kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Ukutani, mchana ni ya manjano, usiku ina ukijani fulani, kama ukuta usiofutwa siku nyingi. Ajabu ni kwamba kandokando ya fremu za milango inapendeza. Kuta zote ni mita za mraba 42. Aliyenipakia alitumia lita 5 na anasema ni koti mbili. Vigae vya sakafu ni vya kijivu, taa ni nyeupe. Mume wangu hataki tena kusikia harufu ya rangi, kwa hiyo nina nafasi moja tu. Nirudishe kijivu? Kuna rangi isiyopitwa? Na dari, ambayo ni nyeupe, niiguse?

JIBU: Salama, dada, na pole. Kijivu usikirudishe kwanza. Umeniuliza habari za mitindo, lakini mimi nimekwama kwenye zile lita 5.

Lita 1 ya rangi ya maji, kwenye ukuta laini uliokwishapakwa, hufunika takribani mita za mraba 10 hadi 12 kwa koti moja. Kuta zako ni 42, koti mbili ni 84. Hapo zinatakiwa lita 7 kwa uchache, na mimi ningenunua 8. Lita 5 zikitoa koti mbili, ujue maji yameingia kuliko kopo linavyoelekeza. Sisemi amekuibia, wapo wanaoongeza maji ili rola iteleze tu. Lakini matokeo ni yaleyale: rangi imekonda na kijivu cha chini kinachungulia.

Fremu za milango ndizo shahidi wako. Kandokando pale hupakwa kwanza kwa brashi, kisha rola huja na kupita juu yake, kwa hiyo rangi ni nene kuliko katikati ya ukuta. Penye unene, krimu imeziba. Pembamba, kijivu kimepenya, na kijivu ndani yake kina weusi. Manjano ikikutana na weusi haififii tu, inaelekea kijani. Chukua rangi za kuchorea za watoto, tia manjano kwenye kisahani, ongeza tone dogo la nyeusi, koroga. Utauona ukuta wako.

Kwa hiyo huenda rangi uliyoinunua haina kosa lolote, inadai koti moja zaidi isiyo na maji ya ziada. Ila usipake leo. Umanjano wa mchana una chanzo kingine, nacho kiko miguuni pako.

Mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alikuwa msimamizi wa utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Yakamfikia malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hazina weusi wa kutosha. Akazichunguza, akakuta ni nyeusi kama zinavyotakiwa. Tatizo lilikuwa majirani: zilifumwa pembeni mwa rangi zilizozifanya zionekane zimepauka. Mwaka 1839 alichapisha kanuni yake, na sisi mafundi tunaiishi kila siku hata kama hatumjui mwenyewe. Rangi mbili zikikaa jirani, kila moja huisukuma nyingine iende mbali nayo. Kijivu chenye ubluu kikilala chini ya ukuta wa krimu, krimu huonekana ya manjano zaidi, na vigae navyo huonekana vya bluu zaidi. Ukuta ulipokuwa wa kijivu hukuliona hilo, kwa sababu ukuta na sakafu walikuwa ndugu.

Hakikisha kwanza vigae vyako ni kijivu gani. Mchana, taa zikiwa zimezimwa, laza karatasi nyeupe ya kuandikia juu ya kigae, kisha angalia pale karatasi inapoishia. Kijivu kitajitaja chenyewe: kina ubluu, uzambarau, ukijani au kina udongo, yaani ukahawia, ndani yake. Kikiwa na udongo, una bahati, krimu yako itakaa baada ya koti ile moja. Kikiwa na ubluu, endelea kusoma.

Taa. Unaposema nyeupe, nadhani kwenye boksi pameandikwa 6500K. Namba hiyo inaeleza rangi ya mwanga: 2700K hadi 3000K ni mwanga wa joto wenye umanjano, 4000K ni wa kati, 6500K ni mweupe unaoelekea bluu. Taa nyingi za LED za bei ya chini pia ni haba katika wekundu, na krimu inapata uhai wake kwenye chembe za wekundu. Ukiuondoa, kinachobaki ni manjano na kijani, ndiyo maana ugonjwa unazidi usiku. Kabla ya kununua hata kopo moja, badilisha taa ya sebuleni iwe ya 3000K, na kwenye boksi tafuta CRI ya 90 au zaidi; hicho ni kipimo, mwisho wake 100, cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kama zilivyo. Kaa nayo usiku mmoja. Nimeona watu wakiishia hapo hapo, na mume akafurahi.

Nami yamenikuta, tena kinyume chake. Nilipaka chumba cha kulala rangi ya beji, ile kama ya mchanga, niliyoichagua dukani chini ya taa nyeupe, wala sikuuliza nyumbani kuna taa gani. Jioni mwenye nyumba akawasha taa zake za 2700K, beji ikageuka waridi, waridi kabisa, ya chumba cha mtoto mchanga. Ilikuwa na wekundu mwingi ndani ambao taa ya dukani iliuficha. Niliirudia kazi kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo, kwenye kadi yenye mstari wa rangi kutoka hafifu hadi iliyokolea, naanza kuangalia ile iliyokolea kabisa. Rangi hafifu huficha asili yake. Iliyokolea ikiwa ni ya tofali, ujue ile hafifu itakuletea waridi.

Sasa mitindo. Ni kweli upepo umegeuka. Miaka ya 2010 ilikuwa ya kijivu, na sasa watu wanataka krimu, rangi za udongo, kahawia. Kampuni ya Pantone, inayotangaza rangi ya mwaka tangu ile ya bluu ya anga ya mwaka 2000, ilichagua kijivu pamoja na manjano kwa mwaka 2021; mwaka 2024 ikachagua rangi ya pichi, na 2025 kahawia ya kahawa yenye maziwa. Miaka minne tu, kutoka kijivu hadi kahawia. Anayefuata matangazo hayo kwa kuta zake atakuwa na rola mkononi maisha yake yote.

Tazama kile kijani cha parachichi cha miaka ya 1970 kule Marekani. Kilichokifanya kichekwe baadaye ni kwamba kilipakwa kwenye friji, majiko na masinki, vitu ambavyo mtu habadilishi kila akichoka. Ingekuwa ni kuta tu, wangepaka juu yake na kusahau. Wewe kitu chako kigumu ni vigae. Vilinunuliwa zama za kijivu na vitakaa hapo muda mrefu, kwa hiyo vyenyewe ndivyo vinavyochagua ukuta, wala si jarida. Rangi isiyopitwa na wakati sijawahi kuiuza kwa mtu, lakini isiyogombana na sakafu inapatikana.

Vigae vikiwa na ubluu, na taa mpya haijatosha, acha krimu. Nenda kwenye zile rangi zilizo kati ya kijivu na beji: kijivu kilichotiwa kahawia kidogo. Hizo zinashikana mikono na sakafu yako bila kukurudisha 2018. Nyuma ya kadi nyingi kuna namba yenye herufi LRV, kipimo cha mwanga unaorudishwa na rangi. Nyeusi iko karibu na 0, nyeupe karibu na 100. Kwa sebule tafuta kati ya 60 na 70. Ukikwama kati ya mbili, chukua iliyo hafifu zaidi, maana kuta nne zinarushiana rangi na chumba hukolea kuliko kadi. Joto unalolitamani lilete kwa mapazia, mbao, na zulia kubwa; zulia hasa, kwa kuwa linafunika vigae na kuvitenganisha na ukuta.

Na kwa kuwa nafasi ni moja, usijaribu rangi kwa kupaka viraka ukutani. Kiraka kitazungukwa na hiyo krimu na kitakudanganya kama nyuzi za Chevreul. Chukua kipande cha ubao mwembamba au kadibodi nyeupe, ukubwa wa karatasi mbili za kuandikia, paka koti mbili, acha ukingo mweupe pande zote. Kikauke kabisa, maana rangi nyingi za maji hukolea zikikauka. Kisha kisimamishe sakafuni, kigusane na kigae, ukiangalie asubuhi, alasiri na usiku taa zikiwaka. Siku ya pili kipeleke ukuta wa mbali na dirisha.

Dari iguse, ila kidogo. Nyeupe kali ya dari kwa kawaida imetiwa ubluu kidogo ili ing'ae, na inafanya kwa juu kile ambacho vigae vinafanya kwa chini. Mwombe mchanganyaji akutengenezee rangi ileile ya ukuta kwa robo ya nguvu yake. Ukiitazama utasema ni nyeupe tu. Dari ipakwe kwanza, kuta baadaye, na lita uzihesabu mwenyewe.