Sukari 9 kwa mtoto aliye mahututi? Iache hiyo insulini

Dadangu, weka chini hiyo sindano. Mtoto hana kisukari, yuko kwenye mashine, sukari ya damu 9.4 (mmol kwa lita), nawe waulizia dripu ya insulini ianzie kiwango gani ishuke hadi 5, pampu ipi ni nzuri, na zamu ya usiku uipange vipi? Isianze kabisa!

Mimi niliianza, hapa hapa Mombasa. Alitujia bwana mmoja na semina kwenye hoteli ya Nyali, slaidi zote utafiti wa Leuven, Ubelgiji, wa 2001: sukari ikae 4.4 hadi 6.1. Hakutaja kwamba wale walikuwa watu wazima, wengi wametoka kupasuliwa moyo, na wakitiwa glukosi nyingi mshipani tangu mwanzo. Mtaalamu gani huyu aliyemeza nusu ya habari? Biriani ya mchana, wallahi, ilikuwa na maana kuliko somo lake.

Basi usiku chati yangu yapendeza, mpaka mtoto niliyemwekea dripu ile akatakiwa kwenye skani. Tukafunga maziwa ya mpira wa puani asitapike. Pampu ya insulini ikaendelea. Sikuigusa. Na mtoto aliyelazwa kwa dawa za usingizi hatetemeki wala hasemi ana njaa. Tulishtuka kwa degedege. Kupima, 1.6. Dekstrosi, yaani maji ya sukari ya mshipani, ikaipandisha sukari upesi, ila maneno aliyokuwa akiyatamka kabla ya kuugua hayakurudi yote. Mamake bado hunisalimia sokoni. Mimi hubadilisha njia, nicheke tu.

Na usiniambie watoto hawajachunguzwa. Utafiti wa HALF-PINT wa Marekani, 2017, watoto mahututi zaidi ya 700: waliobanwa 4.4 hadi 6.1 hawakupona upesi kuliko walioachiwa 8.3 hadi 10, na walioporomokewa vibaya na sukari walikuwa asilimia 5.2 yao, wenzao 2.0. Wale walikuwa na vifaa vya kusoma sukari mfululizo. Sisi tuna glukomita moja, na vijiti vyake huisha Ijumaa.

Ikipita 10 na kukaa huko, tazama kwanza dekstrosi, adrenalini na steroidi mnazompa, maana zote huipandisha. Daktari akishikilia insulini, mwambie hivi: maziwa yakifungwa, insulini hufungwa na mkono uleule, na sukari hupimwa papo hapo. Iandike kwa kalamu nyekundu juu ya pampu. (Mwenye kisukari aliyeingia na asidi damuni ni mbali: huyo sukari ikishuka waongeza dekstrosi, insulini hukatizi.)

Pampu ipi, uliuliza? Yangu ilikuwa mpya, imetoka boksini juma lile.