Maji ya Kijani Usiyamwage

Mara ya kwanza kuyeyusha kwa asidi unga wa tupa, ili nitoe dhahabu iliyomo, uliokusanyika chini ya meza yangu ya usonara, nilitegemea kuona maji ya manjano. Yakatoka kijani kibichi. Fundi mwenzangu akachungulia, akasema, "Hiyo shaba tupu, mwaga." Nusura nimsikilize.

Ni kweli dhahabu ikiyeyuka kwenye mchanganyiko wa asidi ya hidrokloriki na ya nitriki hutoa manjano, na ikiwa nyingi hukolea hadi rangi ya chungwa. Lakini pete ya karati 14 ina sehemu 14 tu za dhahabu kati ya 24. Zilizobaki mara nyingi ni shaba na fedha, na shaba ndiyo inayogeuza maji kuwa kijani. Manjano nayo hudanganya, maana hata chuma huyatoa.

Kilichoniokoa ni kloridi ya bati, dawa ya kupimia kama maji yana dhahabu. Tone moja la yale maji kwenye karatasi nyeupe, tone la dawa juu yake, papo hapo likaiva zambarau hadi kukaribia weusi. Dhahabu ilikuwemo, tena ya kutosha. Dawa hii huharibika ikikaa, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye maji unayojua yana dhahabu.

Nikachuja mashapo meupe (hayo yana madini ya fedha, yatunze), nikatia metabisulfiti ya sodiamu, unga wa kuishusha dhahabu kutoka kwenye maji. Wingu la kahawia likatanda, kisha likapotea mbele ya macho yangu! Nikadhani nimeuziwa unga feki. Kumbe nilizidisha nitriki, na iliyobaki ilikuwa inaiyeyusha dhahabu upya. Siku hizi nitriki naitia kwa matone, nangoja itulie ndipo niongeze. Dhahabu ikishuka huonekana kama tope la kahawia. Usikate tamaa, itang'aa ukiiyeyusha kwa moto.

Rangi ninayokuomba uiogope ni ile ya moshi wa kahawia unaotoka asidi inapoyeyusha metali. Ukiuvuta unaweza kujiona mzima, kisha baada ya saa kadhaa mapafu yakajaa maji. Dirisha wazi halitoshi. Fanyia kazi nje, upepo utokee mgongoni mwako uupeleke moshi mbali, watoto wasiwe karibu. Kama huna sehemu hiyo, mpelekee msafishaji mwenye vifaa, umlipe.

Tope likishatulia, pima tena yale maji ya juu. Karatasi ikionyesha zambarau, kazi haijaisha. Isipoonyesha, bado usiyamwage mtaroni: shaba iliyomo ni sumu kwa samaki.