Kabla ya Kuingia Ligi ya Pool Dar, Anza na Ngozi ya Fimbo

Ukikosa mpira uliopaswa kuingia, usikimbilie kulaumu mkono. Tazama kwanza ngozi iliyo nchani mwa fimbo. Fimbo nyingi zinazoegeshwa ukutani kwenye baa za Sinza, Temeke au Kinondoni ngozi zake zimelala bapa na kung'aa, nyingine zimebaki na unene wa kadi. Ngozi ya namna hiyo haishiki chaki. Ukipiga katikati ya mpira mweupe utapona, lakini ukipiga sehemu yake ya chini ili mpira huo urudi nyuma, fimbo inateleza na umempa mpinzani faulo.

Kwa hiyo nunua fimbo yako mwenyewe. Kwa meza za futi 7 zenye mipira ya milimita 51, chukua yenye ncha ya milimita 8 hadi 9.5. Zile za ncha nene, milimita 12 au 13, zilitengenezwa kwa mipira mikubwa ya Kimarekani. Dukani, fumba jicho moja uitazame kutoka kitakoni hadi nchani huku ukiizungusha. Kuibingirisha mezani peke yake hakutoshi, maana meza yenyewe huenda imepinda. Ukishainunua, usiiache ndani ya gari juani wala usiiegeshe ukutani usiku kucha. Mbao zinapinda polepole bila wewe kuona.

Kubadili ngozi ni kazi ndogo, ila haitaki haraka. Kata ya zamani kwa wembe, toa gundi yote, kisha piga msasa juu ya kipete, ile pete ya nchani ambako ngozi inakaa, mpaka pawe tambarare kabisa. Pakibaki kimwinuko au mafuta ya vidole, ngozi itang'oka katikati ya mechi. Kwaruza na upande wa chini wa ngozi mpya. Tone moja la supaglu linatosha, kwani ikizidi inapanda ndani ya ngozi na kuifanya ngumu kama plastiki. Kandamiza dakika moja, iache saa kadhaa. Halafu simamisha fimbo kichwa chini juu ya ubao, punguza kingo kwa wembe mkali, malizia kwa msasa laini hadi upate kuba. Baada ya michezo ya mwanzo ngozi itatanuka pembeni, ipunguze tena.

Hali ya hewa ya Dar nayo inacheza. Wakati wa masika kitambaa kinanyonya unyevu na mpira unachoka mapema, hivyo ongeza nguvu kidogo. Jasho hufanya fimbo inate kwenye vidole. Ifute kwa kitambaa kikavu, wala usimwage poda, kwa sababu inaishia mezani.

Wenye meza, tafadhalini: pigeni brashi kila siku kuelekea upande mmoja, ule wa manyoya ya kitambaa. Mipira ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ikaushwe vizuri. Mpira wenye uchafu wa chaki unashikana na mwenzake unapogongwa na kutoka nje ya njia. Na wekeni pima maji juu ya kitambaa, kwa urefu na kwa upana, kila meza inaposogezwa.

Kwenye meza nyingi za sarafu mpira mweupe ni mdogo, kama milimita 48, ili mashine iutenganishe na mingine. Kwa kuwa ni mwepesi, unarudi nyuma kirahisi lakini kuusukuma mbele baada ya kugonga ni shida. Fanyia mazoezi pigo la kusimamisha: panga mipira miwili kwenye mstari, piga chini kidogo ya katikati, mweupe ubaki pale ulipogonga. Umbali ukiongezeka, shuka zaidi au piga kwa nguvu zaidi, kwa sababu kitambaa kinakula mzunguko wa nyuma njiani. Kichwa kisiinuke mpaka mpira uingie. Hili ndilo kosa linalowamaliza wengi.

Kuhusu ligi, uliza kanuni kabla hamjarusha sarafu. Kanuni za baa hutofautiana mtaa kwa mtaa. Kwenye blackball, aina ya pool yenye kanuni rasmi, kwa kawaida, usipoingiza mpira lazima mpira wowote uguse raba ya pembeni baada ya kugongana, la sivyo ni faulo. Anayezoea kusukuma taratibu ili kuuficha mpira mweupe nyuma ya mingine ataadhibiwa siku ya kwanza tu.