Mleta uzi, usiwaondoe hao wapimaji wawili

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema ofisi yenu inataka kuwaachisha kazi wapimaji wawili wa programu mwisho wa mwezi, majaribio yote, yaani vile vipande vya msimbo (code) vinavyoendesha programu na kulinganisha jibu lake na jibu tarajiwa, yaandikwe na akili mnemba. Umeuliza zana ipi ni nzuri, bei zake zikoje, na kama mdogo wako aendelee na kozi ya Selenium, ile zana ya kupima tovuti. Wadau wamekumwagia majina ya zana. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza hiyo zana itajuaje jibu sahihi ni lipi.

Mimi nilikuwa mpimaji kwenye kampuni moja ya mifumo ya mikopo hapa Dar. Akaja muuzaji na slaidi zake, akatuonyesha jinsi sehemu ya msimbo inayopitiwa na majaribio itakavyopanda na kuvuka asilimia 90. Na kweli ilivuka. Majaribio yakajaa, yote kijani, yaani yamepita, bosi akawa anayaonyesha kwa kila mgeni. Wenzangu wakapewa barua zao. Mimi nikabaki "kusimamia zana".

Sasa sikia kilichotokea. Mkataba wa mkopaji ulisema riba inatozwa kwenye salio linalopungua. Mtengenezaji mmoja alipokuwa anapanga upya msimbo, hesabu ikaanza kuchukua mkopo wa awali kila mwezi. Piga mwenyewe: mkopo wa shilingi 1,200,000, miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi, mteja anapunguza deni kwa 100,000 kila mwezi. Kwa mkataba, mwezi wa kwanza riba ni 24,000, wa pili 22,000, inashuka hivyo hadi 2,000 mwezi wa mwisho. Jumla 156,000. Mfumo wetu ukamtoza 24,000 miezi yote kumi na miwili, jumla 288,000. Hiyo ni 132,000 ya mtu mmoja isiyo halali, na wakopaji wetu walikuwa mama lishe na vijana wa bodaboda.

Zana ilikuwa wapi? Ilikuwa kazini! Ilisoma msimbo ule ule wenye kosa, ikaona mwezi wa pili unatoa 24,000, ikaandika jaribio linalodai kwamba mwezi wa pili riba lazima iwe 24,000. Kosa likawa limepata mlinzi. Kuna kijana aliyelishtukia akalirekebisha, majaribio yakawaka mekundu, akaamini ni yeye aliyeharibu, akarudisha kama lilivyokuwa. Hapo ndipo hadi leo panaponiuma, kwa sababu bila majaribio yale tungepona siku ile.

Aliyelifichua ni mteja, mama mwenye duka Mbagala, aliyekuja na mkataba wake na daftari la mahesabu. Kampuni ikaanza kurudisha pesa za watu, na SACCOS moja iliyokuwa inataka kuununua mfumo ikaghairi. Tulipompigia muuzaji, akajibu kwamba zana imefanya kazi kama ilivyokusudiwa. Na alisema kweli! Alilijua hilo tangu siku ya slaidi, akakaa kimya, akala pilau yetu na kuondoka na hundi.

Usidhani ni zana za bei rahisi tu. Mwaka 2024 wahandisi wa Meta walieleza mfumo wao wa TestGen-LLM: jaribio lililoandikwa na mashine linabakizwa tu kama linajengeka (msimbo wake unakubali kuendeshwa), linapita kila linaporudiwa, na linaongeza sehemu ya msimbo iliyopitiwa. Linalofeli linatupwa. Chujio hilo linakusaidia mabadiliko ya kesho yasivunje kinachofanya kazi leo, lakini linachukulia kwamba cha leo ni sahihi. Kama leo unawaibia wateja, litakusaidia uendelee.

Na kijani kimewaumbua wakubwa hata bila akili mnemba. Julai 19, 2024, sasisho la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Kiolezo, yaani muundo wa taarifa ndani ya programu yao, kilitarajia vipengele 21, msimbo ukawa unaleta 20, na majaribio yalikuwa yamepita kwa sababu kile cha 21 kiliwekwa kikubali chochote.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitairudia hadi mnichoke: jibu tarajiwa litoke nje ya msimbo. Mtu achukue mkataba, kikokotoo na kalamu, aandike 22,000 kabla mashine haijaona hata mstari mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya hao wawili mnaotaka kuwaondoa. Wakishaandika, wape akili mnemba waitumie kisawasawa. Ipe maneno ya mkataba, usiipe msimbo, uiambie itafute hali mlizozisahau: mkopaji anayelipa mapema, Februari 29, namba ya simu inayoanza na 0 badala ya 255. Kwenye hilo ina kasi ambayo hakuna mpimaji anaifikia, na ninaitumia kila siku.

Kabla hamjasaini, mwite muuzaji aketi mbele yenu. Fungueni msimbo unaokokotoa pesa, badilisheni alama moja ya kutoa iwe ya kujumlisha, kisha mwambieni aendeshe majaribio ambayo zana yake ilishayaandika. Wanaoandika kwa lugha ya programu ya Java wana zana ya PIT, wa JavaScript wana Stryker, zinafanya uharibifu huo zenyewe mara nyingi mfululizo. Majaribio yakibaki kijani, mfungulieni mlango aende.